Kabla mwanao hajapanda ndege kwenda Kanada, mkalishe mbele ya runinga

Kama una mwana, mpwa au jirani anayejiandaa kwenda Kanada, awe anakwenda kusoma au kutafuta kazi ya uuguzi, nisikilize kabla hujamaliza akiba yako kwa kumnunulia koti la baridi pale Gikomba. Koti atalipata huko huko. Kitu ambacho hatakipata dukani ni habari za ardhi anayokwenda kuikanyaga: ni ya nani, na hao wenyewe walitendwa nini.

Binamu yangu ameishi Calgary miaka mitatu sasa. Juzi tukizungumza kwa simu nilimwuliza kama amewahi kukutana na wenyeji wa asili wa nchi ile, wale ambao vitabu vyetu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. Akacheka. "Wale? Wale ni walevi tu, na serikali inawalisha," akasema. Nikamwuliza ameongea na wangapi. Hajaongea hata na mmoja. Maneno hayo aliyaokota kazini kabla hata theluji yake ya kwanza haijayeyuka. Nami namjua binamu yangu: hapa nyumbani mtu akithubutu kusema kwamba kabila lake lote ni la wezi au la wavivu, hukosi kumsikia akifoka hadi mtaa wa pili.

Sikumlaumu sana. Mgeni hupewa chakula na mwenyeji wake, na hupewa chuki zake pia. Isitoshe, mgeni anayeingia Kanada aghalabu hapokewi na wenye ardhi, bali na watu ambao nao walihamia, tofauti ikiwa ni miaka tu. Basi badala ya kumhubiria nilimwambia atafute mchezo mmoja wa runinga wa zamani, autazame na wanawe, kisha tuzungumze tena. Nawe msomaji nakwambia hayo hayo.

Mchezo wenyewe unaitwa North of 60. Ulionyeshwa na shirika la utangazaji la umma la Kanada, CBC, kuanzia Desemba 1992 hadi Desemba 1997, awamu sita, vipindi vipatavyo 90. Wewe mwanafunzi wa jiografia utalifahamu jina hilo mara moja. Ikweta inayopita pale Nanyuki ni digrii sifuri. Hesabu kwenda kaskazini hadi ufike latitudo ya 60. Huko Kanada mstari huo ndio mpaka. Kusini yake kuna mikoa kama Alberta, Saskatchewan na British Columbia. Kaskazini yake ni nchi ya misitu ya misonobari, mito mikubwa na baridi inayoganda pumzi mdomoni, na sehemu moja ya nchi hiyo ni jimbo liitwalo Northwest Territories. Hata baada ya kumegwa na jimbo la Nunavut kuzaliwa tarehe 1 Aprili 1999, eneo hilo lina kilomita mraba zaidi ya milioni 1.3, yaani zaidi ya mara mbili ya Kenya nzima. Wakazi wake hawatimii 50,000. Kayole peke yake ina watu kuwashinda.

Lakini usidhani kwamba uchache wa watu ni uchache wa mambo. Jimbo hilo lina lugha rasmi 11, na tisa kati ya hizo ni za wenyeji wa asili. Wengi wa wenyeji hao ni Wadene, jina ambalo kwa lugha zao lina maana ya watu. Vijiji vyao vingi havina barabara ya mwaka mzima. Msafiri huenda kwa ndege ndogo, au kwa mashua wakati wa kiangazi, na majira ya baridi yakifika magari hupita juu ya mito na maziwa yaliyoganda. Ndiyo, malori yenye mizigo juu ya maji. Mwanangu hakuamini hadi alipoonyeshwa picha.

Kijiji cha mchezo huu ni Lynx River, kijiji cha Wadene. Usikitafute kwenye atlasi kwa sababu ni cha kubuni. Kina duka, mkahawa, zahanati, kituo cha polisi na ofisi ya chifu. Hapa nifafanue jambo kwa msomaji wa Kenya: chifu wa kule si kama yule wetu anayeteuliwa na serikali na kuvalishwa kofia. Huyo huchaguliwa na watu wake, na kazi yake kubwa ni kubishana na serikali kwa niaba yao. Katika mchezo chifu ni Peter Kenidi, msomi mwenye sauti nzito, aliyeigizwa na mwimbaji Tom Jackson. Dadake, Michelle Kenidi, ndiye roho ya hadithi yote. Aliigizwa na Tina Keeper.

Michelle ni mama anayemlea binti yake. Ni mlevi aliyeacha pombe, na kila siku ni siku ya kuacha upya. Na ni askari. Si askari wa kijiji, bali wa kikosi cha polisi cha kitaifa, wale wenye makoti mekundu na farasi unaowaona kwenye kadi za posta. Amepangiwa kazi katika kijiji alichozaliwa. Anayemkamata leo ni binamu, kesho ni mtu aliyesoma naye, na jioni hukutana nao wote dukani akinunua mkate.

Wale wetu waliokulia mashambani wanaielewa hali hiyo bila kuelezwa. Ni nani asiyemjua naibu wa chifu ambaye anaongoza msako wa chang'aa asubuhi, ilhali mtungi wa kwanza utakaomwagwa ni wa shemeji yake? Wanakijiji hununa, shemeji hununa, na wakubwa wake kule makao makuu wanamshuku kwamba anawaficha jamaa zake. Michelle yuko katika kona hiyo hiyo. Tena yeye ameongezewa mzigo mwingine, mzigo wa sare yenyewe, ambao mtazamaji asiyejua historia anaweza kuupita bila kuuona. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu bila haya mchezo mzima utakuwa kwako ni hadithi ya watu wenye huzuni isiyo na sababu.

Kwa zaidi ya karne moja, serikali ya Kanada ikishirikiana na makanisa iliendesha shule za bweni za watoto wa wenyeji wa asili. Zaidi ya watoto 150,000 walipitia humo. Mwaka 1920 sheria iliwalazimisha wazazi kuwatoa watoto wao, na mzazi aliyekataa angeweza kuadhibiwa. Watoto walinyolewa nywele, wakapewa majina mapya, wengine wakaitwa kwa nambari. Walipigwa kwa kusema lugha ya mama zao. Wengi walidhulumiwa kwa njia ambazo sitaziandika katika ukurasa huu wa familia. Zaidi ya watoto 4,000 wanajulikana kwa hakika kwamba walikufa wakiwa mikononi mwa shule hizo, na wachunguzi wamesema idadi kamili ni kubwa zaidi. Na pale mtoto alipotoroka au mzazi alipomficha, waliotumwa kumfuata walikuwa ni hao hao polisi wa kitaifa.

Sasa ndipo utajua kwa nini wazee wa Lynx River humtazama Michelle jinsi wanavyomtazama. Yeye na kakake Peter ni watu waliopitia shule ya bweni. Mtoto aliyechukuliwa kwao amekua, akarudi, na amevaa nguo za wale waliokuwa wakichukua watoto. Waandishi wa mchezo hawakueleza jambo hili kwa hotuba. Waliliacha likae katika macho ya watu, na kwa maoni yangu hapo ndipo walipoonyesha akili.

Najua kuna msomaji anayesema, mbona hata sisi tulisomea bwenini na tukapigwa? Ni kweli. Wengi wetu tunakikumbuka kile kidude, wengine wakikiita disiki, kilichovishwa shingoni mwa mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya kwao. Kilianza enzi za mkoloni na kikadumu katika shule nyingi muda mrefu baada ya bendera kubadilishwa. Aibu ile tunaijua. Lakini likizo ilipofika sisi tulirudi nyumbani, mama akatupikia, nyanya akatusemesha kwa lugha ile ile iliyokatazwa. Mzazi wetu ndiye aliyetupeleka, tena kwa karo aliyoitafuta kwa jasho. Mtoto wa Kidene angeweza kukaa miaka bila kumwona mamake, na aliporudi hawakuwa na lugha ya kuzungumzia. Fikiria kizazi kimoja cha namna hiyo. Kisha fikiria kinakuwa kizazi cha wazazi, ilhali hakuna kati yao aliyemwona mzazi akilea.

Na hapo ndipo pombe inapoingia. Rudi kwa maneno ya binamu yangu: walevi tu. Mchezo huu haukatai kwamba pombe ipo. Lo, ipo tele! Kuna mtu aitwaye Albert Golo, muuzaji wa pombe ya magendo, aliyeigizwa na marehemu Gordon Tootoosis. Kule kaskazini vijiji vina haki ya kupiga kura ya kupiga marufuku pombe au kuiwekea masharti, na penye marufuku hapakosi magendo. Golo si shetani mwenye pembe. Huongea polepole, hapandishi sauti, na anaijua historia ya kila nyumba. Ndiyo sababu anatisha. Anajua nani ana jeraha gani, na chupa gani itatosha jeraha hilo. Michelle na yeye ni mahasimu tangu mwanzo, na kila anayejua kwamba Michelle mwenyewe ni mlevi aliyeacha atajishika roho wanaposimama ana kwa ana.

Tofauti ya kusema "wale ni walevi" na kumtazama Michelle akiwa peke yake jikoni usiku ni kubwa. Unapomtazama humwoni mwakilishi wa kabila. Unamwona mwanamke fulani, mwenye jina, anayepigana na kitu fulani kwa sababu unayoijua. Baadaye mchezo unamnyang'anya hata binti yake, na wewe mtazamaji unakaa pale na hofu moja tu: atainywa au hatainywa? Msomaji, kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kuacha pombe, na ni ukoo gani hauna, hofu hiyo huhitaji kutafsiriwa.

Niseme pia kasoro, maana ukurasa huu haupokei hongo. Ni mchezo wa polepole. Waliozoea michezo ya Marekani ambapo kila dakika tatu kuna gari linalipuka wataona usingizi unawanyemelea. Watu wa Lynx River hunyamaza sana. Mtu anaulizwa swali, anatazama mto, na jibu linakuja kipindi kinachofuata. Tena kuna wakati misiba inafululizana mpaka unatamani angaa harusi moja. Jambo lingine: picha hazikupigwa kaskazini ya digrii 60 hata kidogo. Zilipigwa karibu na Bragg Creek, mkoani Alberta, kitambo kidogo tu nje ya Calgary. Binamu yangu angeweza kwenda huko Jumapili moja na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Na waigizaji wakuu hawakuwa Wadene. Keeper, Jackson na Tootoosis wote ni Wacree, watu wa kusini zaidi. Ni kama kumpa Mkamba nafasi ya kuigiza mvuvi wa Kisumu. Wenyewe wa Kisumu wangemcheka jinsi anavyoshika wavu. Lakini kabla hujatoa hukumu kumbuka tulikotoka. Sisi tuliokuwa tukitazama sinema za kaboi kwenye kumbi za mjini tulimwona Mhindi Mwekundu akiwa mzungu aliyepakwa rangi, kazi yake kupiga mayowe na kuanguka kutoka juu ya farasi. Hapa ghafla kuna mchezo mzima wa kila wiki, saa za familia kukaa pamoja, na karibu nyuso zote ni za wenyeji wa asili. Wanazungumza, wanapendana, wanabishana kuhusu bei ya mafuta. Naye mwigizaji Jimmy Herman, aliyekuwa mwindaji Joe Gomba, alikuwa Mdene kweli.

Huyu Tina Keeper hebu nimweleze zaidi, hasa kwa ajili ya wasomaji wetu wa Eldoret na Iten. Babu yake, Joe Keeper, alikuwa mkimbiaji. Katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 alimaliza wa nne katika mbio za mita 10,000, mbio ambazo sisi Wakenya tunaziona kama mali ya nyumbani. Alijifunza kukimbia wapi? Katika shule ya bweni ya watoto wa wenyeji wa asili, kule Brandon, mkoani Manitoba. Kwa hivyo mjukuu alipokuwa akiigiza mtu aliyepitia shule hizo, hakuwa akiigiza habari ya kusikia kutoka mbali. Mwaka 1997 alipata tuzo ya Gemini, tuzo kubwa ya runinga ya Kanada wakati huo, kwa kumwigiza Michelle. Mwaka 2006 alichaguliwa mbunge wa Churchill, eneo kubwa la kaskazini mwa Manitoba. Bado alikuwa mbunge tarehe 11 Juni 2008, siku ambayo Waziri Mkuu Stephen Harper alisimama bungeni na kuomba radhi kwa niaba ya nchi kuhusu shule zile.

Tazama miaka hiyo vizuri. Mchezo ulianza 1992. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990, mchezo ukiendelea kuonyeshwa. Tume ya ukweli na maridhiano ilianza 2008, ikasikiliza maelfu ya watu, ikatoa ripoti yake 2015. Kwa maneno mengine, familia za mijini zilizokuwa zikimtazama Peter Kenidi akishtuka usingizini kwa kumbukumbu za utotoni zilikuwa zimeambiwa habari hizo miaka kumi na zaidi kabla serikali haijaomba radhi bungeni. Aliyesema baadaye kwamba hakujua, basi hakuwa akitazama runinga yake mwenyewe.

Swali linabaki: nani aliiandika hadithi hii? Walioubuni mchezo ni Wayne Grigsby na Barbara Samuels, wote wawili wakiwa si wenyeji wa asili. Hilo linaonekana mwanzoni. Katika awamu za kwanza tunaingia Lynx River tukiwa tumeshikwa mkono na askari mzungu, Eric Olssen, aliyechoshwa na kazi ya kupambana na mihadarati kule Vancouver. Anashangaa, nasi tunashangaa. Anauliza, nasi tunajibiwa. Ni njia ya kawaida: mtazamaji wa mjini hupewa mtu wa mjini wa kumwongoza. Lakini baada ya awamu mbili mwigizaji wake, John Oliver, aliondoka. Askari wengine wazungu walikuja, lakini kitovu kikawa kimehamia kwa Michelle kabisa. Waandishi wenyeji wa asili, mmojawao Jordan Wheeler, walishika kalamu. Nami nadhani ndipo mchezo ulipokomaa. Hakuna tena anayekueleza kijiji. Unakaa humo, na usipoelewa unasubiri, kama mgeni mwenye adabu.

Kuna mji mmoja wa kaskazini ulioelewa jambo hili mapema kuliko wataalamu wote. Huo si mji wa Wadene, ni wa Wainuit, watu wa barafu ambao zamani tulizoea kuwaita Waeskimo, jina ambalo wengi wao kule Kanada hawalitaki. Unaitwa Igloolik. Baada ya Kanada kurusha setilaiti yake mwaka 1972, runinga ilianza kufika kila pembe ya kaskazini. Watu wa Igloolik wakapiga kura. Wakakataa. Mwaka 1979 wakaulizwa tena, wakakataa tena. Si kwamba waliogopa mtambo. Vipindi vyote vilikuwa vya lugha ngeni, kuhusu watu wageni, na waliona kwamba ukiingiza mgeni asiyenyamaza sebuleni, watoto watamsikiliza yeye na kuacha kuwasikiliza babu zao. Walikubali mwanzoni mwa miaka ya 1980 tu, baada ya Wainuit kuanzisha shirika lao la utangazaji mwaka 1981 na kuanza kutengeneza vipindi kwa Kiinuktitut.

Msomaji, hebu jiulize: ni mtaa gani wa Nairobi ungeweza kupiga kura hiyo? Mimi mwenyewe ningepiga kura ya ndiyo asubuhi na mapema, nikiwa wa kwanza kwenye foleni. Lakini nawaelewa. Sisi tulikuwa na bahati. Tulikuwa na Vitimbi na Vioja Mahakamani, watu wanaoongea kama jirani, na ndiyo maana nyumba yenye runinga moja ilijaa watoto wa ploti nzima. Hata michezo ya Kimexico ilipotuvamia na machozi yake, sisi tayari tulikuwa tumejiona kwenye kioo. Watu wa Igloolik walidai wajione kwanza.

Na matunda yake yakaonekana. Mwaka huo huo wa 1981, mchongaji mmoja aliyelelewa Igloolik, Zacharias Kunuk, aliuza vinyago vyake kule Montreal akanunua kamera ya video. Miaka 20 baadaye akatoa sinema ndefu, Atanarjuat, iliyosemwa yote kwa Kiinuktitut, ikashinda tuzo ya Caméra d'Or katika tamasha la Cannes mwaka 2001. Kabla ya hapo, mwaka 1999, wenyeji wa asili walikuwa wamepata stesheni yao ya kitaifa, APTN. Unaona jinsi mambo yalivyokwenda? Waliokataa kutazamwa na watu wengine wakaishia kutazamwa na dunia, kwa maneno yao wenyewe.

Nikiwa bado na nafasi, nikuelekeze kwa mchezo mpya, maana najua vijana wangu hamna subira na vitu vya 1992. Unaitwa North of North. Ulianza Januari 2025 kwenye CBC na APTN, na mwezi wa Aprili mwaka huo ukafika Netflix, kwa hivyo ukiwa na mtandao hata Umoja utauona. Umebuniwa na wanawake wawili Wainuit, Stacey Aglok MacDonald na Alethea Arnaquq-Baril, na picha zimepigwa Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, katika baridi yenyewe. Hadithi ni ya Siaja, mama mdogo katika kijiji cha kubuni kiitwacho Ice Cove, ambaye siku moja anamwacha mume anayesifiwa na kijiji kizima. Ukiachana na mtu wa namna hiyo katika mji wenye duka moja, utakutana naye wapi kesho? Kila mahali, bila shaka. Siaja anaigizwa na Anna Lambe, mzaliwa wa Iqaluit.

Huu, tofauti na ule wa kwanza, ni wa kuchekesha. Unachekesha kweli kweli. Kuna msimamizi mzungu wa kijiji, Helen, mwenye moyo mzuri na kelele nyingi, ambaye nina hakika umewahi kufanya kazi na pacha wake katika shirika fulani la misaada. Pombe ipo, imetajwa, mamake Siaja ana historia yake nayo, lakini imekaa mahali pake kama inavyokaa katika familia yoyote: kitu kimoja kati ya vitu vingi. Katika North of 60 watu walihitaji kutuonyesha jeraha ili tuamini kwamba lipo. Hawa wa sasa hawaoni sababu ya kutuonyesha tena, wana karamu ya kuandaa.

Ushauri wangu wa nyumbani ni huu. Wenye watoto wa sekondari waanze na North of 60, ukiupata, kipindi kimoja kwa wiki kama ulivyokusudiwa, na usiwe mwepesi wa kufafanua. Waache wakuulize kwa nini Michelle hapokelewi vizuri na wazee, kisha uwaeleze habari za shule. Sehemu zenye kumbukumbu za Peter ni nzito, kwa hivyo zitazame wewe kwanza. North of North una vipindi vinane vifupi katika awamu yake ya kwanza, na watu wazima wanaweza kuvimaliza kwa Jumamosi mbili. Kuna utani wa chumbani humo, tena wa wazi, na unaanza mapema kuliko unavyotarajia. Wadogo wapelekwe kulala, na nyanya aulizwe kwanza.